Anayesomwa na Anayesoma: Mtu Mwenye Ulemavu katika Somo la Fasihi

Utangulizi

Fasihi ni kioo cha jamii. Mwalimu mwenzangu, bila shaka umekutana na sentensi hii mara nyingi, maana watahiniwa wengi huifungulia insha zao za fasihi. Ni kauli ya kweli, lakini aghalabu tunaiacha hapo hapo bila kuuliza swali linalofuata: ni nani anayesimama mbele ya kioo hicho, naye huona nini? Mtoto wa mkulima akifungua kitabu humpata mkulima. Msichana aliyenyimwa elimu humpata msichana aliyenyimwa elimu, tena humsikia akilalamika, akipinga na pengine akishinda. Je, mwanafunzi asiyeona, mwanafunzi kiziwi, au yule atembeaye kwa magongo, akiingia katika somo letu la fasihi hukutana na nani?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuangalia methali, ngano, riwaya na lugha yenyewe tunayoifundishia. Hoja yangu kuu ni hii: mtu mwenye ulemavu yumo katika fasihi yetu, lakini mara nyingi amewekwa humo ili watu wengine wapate funzo. Jamii humtazama, ikamcheka au ikamhurumia, kisha ikajirekebisha. Yeye mwenyewe anataka nini, anajua nini, amesoma nini? Hayo hatuambiwi, na sisi walimu hatuulizi. Anasomwa, hasomi. Haki ya elimu jumuishi basi haiwezi kukamilika kwa mwanafunzi huyu kupewa dawati tu. Hukamilika atakapokuwa msomaji kamili wa matini kama wenzake.

Haki yenyewe inasemaje?

Kabla ya kuhakiki, ni vyema tuelewane kuhusu haki tunayoizungumzia. Mwaka 1994 wajumbe wa nchi nyingi walikutana mjini Salamanca, Uhispania, wakatoa tamko kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao za kimwili au kiakili. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinahusu elimu, nacho kinazitaka nchi kuhakikisha mfumo wa elimu jumuishi katika viwango vyote.

Hapa nchini tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Lakini kilele ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na ya kuitwa na kurejelewa kwa namna isiyomdunisha. Kinampa pia haki ya kuzifikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii kadiri inavyoafiki maslahi yake, na haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Angalia, mwalimu wa Kiswahili, jinsi haki hizi zilivyokusanyika mahali pamoja: kuitwa vyema, kufika shuleni na kuwasiliana. Mbili kati ya tatu ni mambo ya lugha. Ni kana kwamba kifungu hiki kiliandikwa kikimlenga mwalimu wa lugha.

Ni muhimu pia kutofautisha dhana mbili ambazo watahiniwa huzichanganya. Kuna shule inayompokea mtoto mwenye ulemavu kwa sharti kwamba yeye ndiye ajipinde ili aenee katika utaratibu uliopo. Halafu kuna shule inayobadilisha utaratibu wake ili mtoto huyo aenee. Hii ya pili ndiyo jumuishi. Wala hilo halina maana kwamba shule maalum zifungwe. Mtoto kiziwi anahitaji kukua miongoni mwa watu wanaotumia lugha ya ishara, na kwa wengi shule ya viziwi ndipo mahali pa kwanza pa kuipata jamii hiyo. Mkataba wenyewe unatambua kuwa mtoto kiziwi au asiyeona afundishwe kwa lugha na njia zinazomfaa, katika mazingira yanayomkuza kielimu na kijamii. Neno la kushika ni maslahi ya mwanafunzi.

Methali: woga au utu?

Tuanze na fasihi simulizi. Methali mbili zinazotajwa zaidi kuhusu ulemavu ni "Hujafa hujaumbika" na "Mcheka kilema hafi bila kumfika." Darasani huwa tunaeleza kuwa zote mbili zinatuonya tusiwadharau watu wenye ulemavu, kisha tunaendelea na methali nyingine. Lakini hebu tuzichunguze kwa makini zaidi.

Kwanza, zinamwambia nani? Msemewa wa methali ya pili ni mtu asiye na ulemavu. Mwenye kilema hasemeshwi, anazungumziwa tu. Pili, zinatumia hoja gani? Zinatumia woga: usicheke, kwa maana yatakufika. Huu ni msingi dhaifu wa maadili. Mtu anayejizuia kucheka kwa kuchelea adhabu bado anaamini kuwa ulemavu ni adhabu. Mwanafunzi mwenye ulemavu anayeketi katika darasa hilo anasikia wenzake wakifundishwa kumheshimu kwa sababu hali yake inatisha. Je, hiyo ndiyo heshima iliyotajwa katika Katiba?

Hata hivyo mhakiki mzuri haishii kwenye fasiri moja. "Hujafa hujaumbika" ina maana ya ndani zaidi tukiisoma polepole. Methali inasema kwamba kuumbika kwa binadamu hakukomi siku ya kuzaliwa. Kila mmoja wetu bado anaumbwa hadi siku ya kifo. Kwa fasiri hii hakuna mtu aliyekamilika wala aliyepunguka. Wote tumo njiani. Tena hiyo ndiyo imani ambayo elimu yoyote imejengwa juu yake, kwamba mtu bado anaweza kuwa zaidi ya alivyo. Methali ile ile iliyokuwa tishio inageuka kuwa msingi wa elimu jumuishi. Mtahiniwa anayeweza kutoa fasiri zote mbili na kueleza ni ipi anayoipendelea ameonyesha uhakiki. Anayetoa moja tu amekariri.

Kuna methali nyingine ambazo ulemavu umo ndani yake kama chombo cha kulinganishia tu: "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho" na "Mwenye macho haambiwi tazama." Hii ya mwisho imejengwa juu ya istiari iliyotapakaa kote katika lugha yetu, kwamba kuona ni kujua. Husema elimu ni mwanga, ujinga ni giza, na aliyeelimika amefumbuliwa macho. Sipendekezi kwamba istiari hizi zifutwe. Zimo katika mishipa ya lugha. Ninalopendekeza ni kwamba darasa lizitambue kuwa ni istiari. Waulize wanafunzi: ikiwa kuona ni kujua, lugha inasema nini kuhusu mwenzetu asiyeona? Naye mwenzetu huyo, akipewa nafasi ya kubuni istiari yake ya elimu, angechagua nini: mguso, sauti, harufu, njia anayoijua kwa nyayo? Zoezi hilo dogo linafunza istiari vizuri kuliko orodha ya mifano ishirini.

Kisha ipo methali ambayo husahaulika: "Kipofu hasahau mkongojo wake." Hapa kwa mara ya kwanza asiyeona ni mjuzi. Anajua anachokihitaji, nacho hakikosi. Shule inayomsajili mwanafunzi asiyeona lakini haina karatasi za Breli imemkaribisha mtu na kumwambia aache mkongojo wake nje. Yeye hakuusahau. Wenyeji ndio waliousahau.

Ngano ya kipofu na kiwete: kijiji kilikwenda wapi?

Ngano hii inajulikana katika nchi nyingi na husimuliwa kwa sura mbalimbali. Katika mojawapo ya sura hizo, moto unazuka na watu wote wanakimbia. Wawili wanabaki: mmoja haoni, mwingine hawezi kutembea. Kipofu anamweka kiwete mabegani. Kiwete anakuwa macho, kipofu anakuwa miguu, nao wanaokoka.

Takriban kila mwalimu huifunza ngano hii chini ya dhamira ya ushirikiano, na fasiri hiyo ni sahihi. Wahusika hawa wawili ni afadhali sana kuliko wengi wa aina yao, kwani wanafikiri, wanashauriana na kutenda. Hakuna mkono wa huruma unaotoka nje kuja kuwaokoa. Lakini kuna kimya kikubwa katikati ya ngano, nacho kimya ni sehemu ya msuko. Wanakijiji walikwenda wapi? Walipokimbia, ni nani aliyekumbuka kuwa kuna wawili waliobaki? Fanani hasemi, na hadhira haiulizi, kwa sababu macho yetu yameelekezwa kwenye werevu wa wawili hawa.

Huu ndio mtego wa hadithi nyingi za "walemavu walioshinda." Tunasimulia habari za mwanafunzi aliyefaulu licha ya kutoona, tunampigia makofi, na makofi hayo yanafunika swali: licha ya nini hasa? Licha ya kutoona, ama licha ya kukosa vitabu? Mwanafunzi anayepanda mabegani mwa mwenzake kwa sababu shule haina njia ya magurudumu ni mfano wa urafiki mwema; tena ni ushahidi wa kijiji kilichokimbia. Mwalimu, ukiifunza ngano hii, wape wanafunzi zoezi la kuiandika upya kuanzia pale kijiji kinapogundua kuna moto. Utashangaa kuona jinsi dhamira inavyobadilika kutoka ushirikiano hadi uwajibikaji.

Riwaya: watoto katika nyumba ya mwalimu

Tuingie sasa katika fasihi andishi. Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya marehemu Ken Walibora, ilikuwa kitabu teule cha KCSE kwa miaka kadhaa kabla ya Chozi la Heri, na walimu wengi wangali wanaikumbuka vyema. Humo tunampata Mwalimu Majisifu na mkewe Dora, ambao wana watoto wenye ulemavu. Dora anaiona hali hiyo kuwa mzigo mzito na huilalamikia. Imani, msichana anayefanya kazi katika nyumba hiyo, anawatunza watoto kwa upendo.

Sasa kumbuka maswali na majibu yaliyozoeleka kuhusu sehemu hii. Dora ni mlalamishi. Imani ana utu. Majisifu amezembea katika wajibu wake. Kila sifa ina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni watoto. Wao wamegeuka kuwa mizani ya kuwapimia watu wazima. Tukimaliza kuwapima wakubwa, tunafunga kitabu, na watoto tumewaacha walipokuwa.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu, kwa maana kosa hili huenda likawa letu wasomaji kuliko la mwandishi. Mtazamo wa mhusika si mtazamo wa mwandishi. Dora akilia kwamba ameonewa, hatuwezi kuandika kuwa riwaya inasema watoto wenye ulemavu ni mkosi. Mwandishi amemweka Imani karibu na Dora ili tuzilinganishe sauti mbili, na upendo wa mmoja unaukosoa mtazamo wa mwenzake. Isitoshe, kuna kinaya ambacho watahiniwa wengi hawakukigusa: baba wa watoto hawa ni mwalimu. Mtu ambaye kazi yake ni kuwafunza watoto wa watu ana nyumbani kwake watoto ambao jamii haijui iwafanye nini. Kinaya hiki kinatoka kwenye ukurasa na kutuelekea sisi wa taaluma hiyo.

Kwa hiyo ukiirudia riwaya hii na wanafunzi wako, au ukitumia kitabu kingine chochote chenye mhusika wa aina hii, wapeleke kwenye matini kwa maswali haya matano:

1. Je, mhusika mwenye ulemavu ana jina, na hutajwa kwalo au kwa ulemavu wake?
2. Je, anazungumza? Akizungumza, anazungumzia jambo gani zaidi ya ulemavu wake?
3. Anataka nini? Anafanya nini ili akipate?
4. Anasoma wapi, au alisoma wapi? Kama matini haisemi, kimya hicho kina maana gani?
5. Hatima yake ni ipi: anaponywa, anakufa, anahurumiwa, au anaendelea kuishi kama watu wengine?

Mhusika ambaye majibu yake kwa maswali yote ni "hatujui" ni mhusika bapa, hata kama msomaji ametokwa na machozi kwa ajili yake.

Mfano wa vifungu viwili

Ili hoja ieleweke, tazama vifungu viwili vya kubuni. Cha kwanza ni cha aina tunayoipata sana katika insha za wanafunzi:

"Katana alikuwa mvulana kiwete. Kila asubuhi alijikokota hadi shuleni huku machozi yakimlengalenga. Wanafunzi walimwonea huruma sana. Siku moja mwalimu alimnunulia kiti cha magurudumu, naye akafurahi mno. Tangu siku hiyo wanafunzi wote walijifunza kuwa na utu."

Cha pili kinamhusu mvulana yule yule:

"Katana alifika mlangoni akazitazama ngazi. Nne. Mwalimu wa Hisabati alikuwa ameahidi jaribio, na Katana alikuwa amekesha akilisomea. Alimpa Mwanaisha magongo, akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akaanza kupanda kwa kujisukuma. 'Wanajenga maabara ya pili,' alimwambia, 'lakini saruji ya kusawazisha ngazi nne wameikosa.'"

Chunguza vitenzi. Katika kifungu cha kwanza Katana anajikokota na kufurahi. Mwengine ananunua, wengine wanahurumia na kujifunza. Katika cha pili anatazama, anakesha, anasomea, anapanda na kusema. Chunguza pia tatizo liko wapi. Katika cha kwanza liko katika miguu ya Katana. Katika cha pili liko katika ngazi. Chunguza toni: cha kwanza kina huruma, cha pili kina kejeli, na kejeli hiyo ni ya Katana mwenyewe. Hatimaye, chunguza elimu: ni kifungu kipi kinachotuonyesha mwanafunzi? Cha pili ndicho chenye Hisabati, jaribio na usiku wa kusoma. Mwandishi wa cha kwanza hakuwa na nia mbaya. Alirithi umbo la hadithi, akalitumia kama alivyolipokea.

Lugha ya kumrejelea

Walimu wengi hueleza kwamba majina kipofu, kiziwi, kiwete na kibogoyo yanadunisha kwa sababu yana kiambishi ki- cha udogo. Maelezo haya hayatoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi pia huanza kwa ki-, na hakuna anayedai kuwa kiongozi amedunishwa. Tena majina yote haya, kwa kuwa yanarejelea watu, huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: kipofu anasoma, viziwi wamefika. Sarufi yenyewe tayari imewatambua kuwa watu.

Udunishaji unatokea pale hali moja inapomeza mtu mzima, kwa mfano tunaposema "mwite yule kipofu" ilhali mwanafunzi huyo ana jina na ameketi nasi tangu kidato cha kwanza. Kwa sababu hii siku hizi tunasema watu wenye ulemavu, wanafunzi wasioona, mtu mwenye ualbino. Maneno kama taahira na punguani yamegeuka matusi, hivyo tuyaache kwa wahusika wenye kutukana. Lakini tusigeuze adabu kuwa woga wa maneno. Viziwi wengi hujiita viziwi bila kuona haya, kwa kuwa wanajiona kuwa jamii yenye lugha yake. Jirani zetu wa Tanzania wana Chama cha Viziwi Tanzania. Kanuni nyepesi ni kumsikiliza mwenyewe anajiitaje.

Kwa mtahiniwa, lipo kosa moja ambalo hugharimu alama. Ukiulizwa sifa za mhusika, usiandike "ni kipofu" au "ni mlemavu." Hiyo ni hali, si sifa. Sifa ni tabia inayothibitishwa na matendo au maneno: mvumilivu, mwenye kejeli, mkaidi, mwerevu, mchoyo. Naam, hata mchoyo. Mhusika mwenye ulemavu ana haki ya kuwa mtu mbaya pia.

Darasani na katika chumba cha mtihani

Tumekuwa tukimzungumzia mhusika. Tumgeukie sasa mwanafunzi aliye hai.

Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za Breli, wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na huwaongezea muda. Ni jambo la kushukuru. Lakini karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80, na karatasi hiyo huulizia vitabu. Riwaya iliyochapishwa kwa Breli hujaa mijaladi kadhaa mizito, na haipatikani dukani kama nakala ya kawaida. Mwanafunzi akisubiri hadi kidato cha nne ndipo aipate, au asiipate kabisa, atategemea kusomewa na rafiki, au mwongozo uliofupishwa. Siku ya mtihani atapewa karatasi ya Breli inayouliza kuhusu kitabu ambacho vidole vyake havijawahi kukigusa. Haki imekuja mwishoni, baada ya kunyimwa mwanzoni. Shule iulizie nakala za Breli au za sauti siku ile ile inapoagiza nakala za kawaida.

Hali ya mwanafunzi kiziwi ni tofauti. Katika mitihani ya kitaifa anaweza kutahiniwa katika Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Huo ni utambuzi muhimu wa lugha yake, lugha ambayo Katiba imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini mwalimu wa fasihi asiichukue nafasi hiyo kama ruhusa ya kumsahau. Kitabu kimeandikwa, na kiziwi anasoma. Kijana kiziwi anayetaka kujua Dora alisema nini kuhusu watoto wake ana haki ya kulijua hilo katika maktaba ya shule yake.

Mengine yako mikononi mwako, mwalimu, na hayahitaji fedha. Unapoandika ubaoni, sema unachokiandika. Unaposema, mtazame mwanafunzi anayesoma midomo, usiongee ukiwa umeelekea ubao. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi huwa na uoni hafifu, aketi mbele, mbali na mwangaza mkali wa dirisha. Katika ushairi, kumbuka kuwa mizani ni hesabu ya silabi, hivyo asiyesikia anaweza kuihesabu katika maandishi hata kama vina havimlii masikioni. Naye asiyeona ataunasa mdundo na vina kabla ya wengi, lakini umbo la shairi huru kwenye ukurasa lazima aelezewe. Mnapoigiza tamthilia, usimpe mwanafunzi mwenye magongo nafasi ya ombaomba kila mara. Mpe awe mtawala, wakili au mpenzi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba methali, ngano na riwaya zetu zimemhifadhi mtu mwenye ulemavu kama funzo kwa wengine, na kwamba namna yetu ya kuuliza na kusahihisha maswali imeimarisha hali hiyo. Nimeonyesha pia kuwa matini hizo hizo zina nyufa zinazopitisha fasiri nyingine: methali inayotuambia sote bado tunaumbwa, ngano inayotutaka tuulize kijiji kilikwenda wapi, na riwaya iliyowaweka watoto hawa katika nyumba ya mwalimu.

Mtahiniwa, ukikutana na swali kuhusu usawiri wa watu wenye ulemavu, usitosheke kuorodhesha mateso yao. Onyesha nani anazungumza, nani anatenda, mwandishi anasimama wapi, na kimya kiko wapi. Mwalimu, kabla ya kuanza kitabu kipya muhula ujao, pita darasani ukiwa na maswali mawili tu. La kwanza: ni nani humu ambaye hataweza kukisoma kitabu hiki kwa namna kilivyo? La pili: nimwendee nani leo, kabla hatujafika ukurasa wa kwanza, ili naye akisome?